Vitabu vitoke kabatini: barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu Mombasa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa Kaunti ya Mombasa. Kwa Mkurugenzi wa Elimu na mwenzake wa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) katika kaunti. Kwa maafisa wa mtaala wa Mvita, Kisauni, Nyali, Likoni, Changamwe na Jomvu. Na kwa walimu wakuu na bodi za shule.

Waheshimiwa, tunawaamkia kwa heshima.

Sisi ni walimu wa madarasa ya awali, yaani PP1 na PP2, na wa gredi tatu za mwanzo. Kazi yetu ni kumpokea mtoto asiyejua hata herufi moja na kumkabidhi gredi ya nne akiwa anajisomea mwenyewe. Tuna maombi kadhaa, lakini moja ndilo mama wa mengine, kwa hivyo tunaanza nalo. Tunaomba waraka wenye sahihi na muhuri, unaosema kwamba vitabu vya kusoma vya watoto wadogo vinaruhusiwa kwenda nyumbani, na kwamba kitabu kikichakaa au kikipotea kwa matumizi ya kawaida, mwalimu hatalipishwa wala hataandikiwa barua ya kujieleza.

Ombi hili lina sababu yake. Kitabu kilichonunuliwa kwa fedha za umma huandikwa kwenye daftari la stoo. Mwalimu mkuu hutia sahihi, mwalimu wa darasa naye hutia sahihi. Mkaguzi akija huhesabu. Daftari likisema 80 na kabati likawa na 71, swali litakaloulizwa ni vile 9 viko wapi. Hakuna atakayeuliza ni watoto wangapi waliojua kusoma kwa vile 71. Katika hali hiyo mwalimu mwenye busara hufunga kabati na kuweka ufunguo mfukoni. Si uvivu, wala si uchoyo. Ni utaratibu unaomlinda mwenye vitabu vipya visivyoguswa na kumtia hatarini yule ambaye vitabu vyake vimechoka kwa kusomwa. Utaratibu huo mnaweza kuugeuza nyinyi tu, wala haugharimu pesa nyingi.

Tunapendekeza waraka utaje kiwango: katika kila vitabu 10 vya hadithi vya PP2 hadi gredi ya tatu, kimoja kihesabiwe kuwa kimekwisha kila mwaka, kiandikwe hivyo kwenye daftari la stoo, na yaishe. Mwaka unaofuata, bajeti ya vitabu ianze na kujaza lile pengo. Vitabu vya mwongozo wa mwalimu na vya gharama kubwa vibaki na utaratibu wake wa zamani. Hatuombi milango yote ifunguliwe.

Tusome, programu ya kufundisha watoto kusoma, ilipoenea nchini kote mwaka 2015, moja ya mambo yaliyoleta tofauti ni kila mtoto kuwa na kitabu chake mkononi, badala ya watatu kukunjana juu ya kimoja na yule wa katikati ndiye anayesoma. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Hatua iliyobaki ni kitabu kuvuka geti la shule.

Hebu tuifanye hesabu pamoja. Somo moja la madarasa ya chini ni dakika 30. Darasani mna watoto 60, jambo la kawaida katika mitaa yetu yenye watu wengi. Mwalimu akimsikiliza kila mtoto mmoja mmoja, bila kusema neno lake hata moja na bila kufuta ubao, kila mtoto hupata nusu dakika. Anayeanza kusoma, kwa nusu dakika, husoma maneno matano au sita. Hakuna aliyejua kuogelea kwa kutiwa maji ya kikombe.

Ndiyo maana madarasa mengi hukimbilia kuitikia kwa pamoja. Mwalimu anaelekeza fimbo ubaoni, watoto 60 wanapaza sauti, na anayepita nje husema darasa lile linasoma. Lakini sauti ya pamoja huficha. Watoto kumi wanaojua huongoza, waliobaki hufuata kwa nukta ya sekunde, na wengine wanatazama dirishani huku midomo ikienda. Kuitikia kunafaa kwa dakika mbili tatu, pale mwalimu anapotambulisha jambo jipya. Baada ya hapo kila mtoto asome kwa kinywa chake.

Njia inayowezekana katika darasa kubwa ni kusoma wawili wawili, na hufanywa hivi. Mwalimu huwapanga watoto kwenye karatasi yake (si ubaoni, wala kwa kuwatangaza) kuanzia anayesoma vizuri zaidi hadi anayetatizika zaidi. Kisha huigawa orodha katikati: wa 1 hukaa na wa 31, wa 2 na wa 32, hadi wa 30 na wa 60. Asimweke wa 1 na wa 60, kwa sababu pengo likiwa kubwa mno, mmoja huchoka na mwingine huona haya. Mtoto wa kwanza husoma dakika tano, mwenzake akifuatisha kwa kidole chini ya mstari, kisha wanabadilishana. Mwalimu hupita na kusikiliza jozi sita au saba kwa siku, hivyo kwa wiki moja amewasikia wote. Kila mtoto amepata dakika tano badala ya nusu dakika.

Darasa hilo litavuma kama mzinga wa nyuki. Hapo tuna ombi dogo kwa walimu wakuu: tafadhalini msije mlangoni kulinyamazisha.

Dakika tano za darasani na kumi za nyumbani ni robo saa kwa siku. Hizo kumi za nyumbani hazipatikani bila kitabu. Ndiyo sababu tunasema waraka ndio mama.

Jambo la pili linawahusu moja kwa moja wakubwa wa pande mbili, na tunaomba lisomwe na wote kwa pamoja. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, elimu ya awali ni kazi ya kaunti. Gredi ya kwanza ni ya serikali kuu, na walimu wake ni wa TSC. Katika shule nyingi za umma, darasa la PP2 na la gredi ya kwanza yamo katika uwanja mmoja, pengine yametenganishwa na ukuta mmoja tu, lakini mabwana wao ni wawili. Mtoto anapovuka kutoka PP2, havuki na karatasi yoyote inayoeleza anajua nini. Basi mwalimu wa gredi ya kwanza hana budi kuchagua kati ya makosa mawili: aanze upya na a-e-i-o-u kwa miezi miwili, aliyekwisha kujua achoke na kuanza vurugu, au achukulie kwamba wote wanajua, na asiyejua aachwe pwani tangu Januari.

Dawa yake ni karatasi moja kwa kila mtoto, ijazwe na mwalimu wa PP2 Oktoba na ikabidhiwe mkono kwa mkono. Iwe na mambo haya tu: herufi ngapi kati ya 24 za Kiswahili anazitamka kwa sauti yake akionyeshwa bila mpangilio, silabi ngapi kati ya 10, kama anaweza kupiga makofi kwa silabi za neno, lugha ya nyumbani kwao, kama anasoma chuoni (madrasa) na amefika wapi, na kama kuna shaka ya macho au masikio. Karatasi ikizidi ukurasa mmoja haitajazwa, tunawaambia mapema. Kaunti iichapishe, na ofisi ya TSC iwaagize walimu wa gredi ya kwanza waidai.

Tukija kwenye kufundisha kwenyewe, kosa linalotugharimu sana ni kuanza na majina ya herufi kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka minne hufika shuleni anaimba "ei, bii, sii", na wazazi wanafurahi. Kisha anakutana na neno la Kiswahili. Herufi E ameijua kwa jina la "ii", kwa hivyo "meza" inakuwa "miza". G ameijua kuwa "jii", basi "gari" linakuwa "jari". Y ameijua kuwa "wai", na "yeye" inaweza kutoka "weye". Mtoto huyu si mzito wa kichwa. Anatumia kwa uaminifu kile alichofundishwa. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, irabu tano na sauti tano, na hiyo ni bahati ambayo lugha nyingi hazina. Kuitupa bahati hiyo mwaka wa kwanza ni hasara tupu.

Kosa la pili hutokea hata pale majina ya Kiingereza yanapoepukwa. Mwalimu hufundisha kwamba herufi B ni "ba" na K ni "ka". Mtoto akiunganisha K na I anasema "ka-i", na akiunganisha B na U anasema "ba-u". Konsonanti kama hizi hazitamkiki vizuri peke yake, kwa hivyo zisisimamishwe peke yake kwa muda mrefu. Chukueni katoni ya dukani, kateni kipande cha upana wa sentimita 10, toboeni dirisha katikati. Nyuma yake pitisheni utepe wa karatasi wenye irabu a, i, u, e, o, na kushoto kwa dirisha andikeni konsonanti ya siku hiyo. Utepe ukivutwa, K inabaki na irabu zinabadilika: ka, ki, ku, ke, ko. Mtoto anaona kwa jicho lake kwamba kilichobadilika ni kimoja tu.

Mpangilio wa herufi nao una kazi. Si lazima tufuate alfabeti. Tunapendekeza herufi sita za kwanza ziwe a, i, u, m, k, t, kila moja siku mbili. Kwa hizo sita peke yake mtoto anasoma mama, mimi, kiti, mti, mkia, mkuki, na sentensi nzima yenye maana na vituko vyake: "Kaka, kamata kuku!" Wiki ya tatu mtoto anasoma sentensi. Furaha hiyo huwezi kuinunua. Sita zinazofuata ziwe l, o, n, e, s, b. Herufi D ingoje angalau wiki tatu baada ya B, kwa sababu zinafanana kama mtu na kivuli chake, na zikifundishwa pamoja mtoto atazichanganya hadi gredi ya tatu. N nayo isifuatane na M wala U, kwa sababu iyo hiyo. Michanganyiko (ch, sh, ny, mb, nd, ng, dh, th, gh) ije mwisho, na ng' ya ng'ombe ifundishwe siku tofauti na ng ya ngoma, ile alama ya juu ikiandikwa kwa chaki ya rangi nyingine, maana watoto huipuuza.

Yale majedwali ya ba-be-bi-bo-bu yabaki ukutani, hatuyakatai. Lakini mtoto anayeyaimba si lazima awe anayasoma. Elekezeni fimbo kwa bu, kisha ba, kisha bo, bila mpangilio. Afisa wa mtaala anayezuru darasa anaweza kufanya hivi kwa dakika mbili na akajua zaidi kuliko kwa kukagua maazimio ya kazi.

Silabi za m na n zinahitaji mapigo ya mikono. "Mtoto" ni mapigo matatu, m-to-to. "Mbuzi" ni mawili, mbu-zi. "Nchi" ni n-chi. Mtoto asiyesikia tofauti hiyo hukwama kwenye maneno mengi, kwa sababu Kiswahili kimejaa m za namna hiyo. Hapa ndipo vitendawili, vitanza ndimi na mashairi vinapofanya kazi ambayo hakuna jedwali la ukutani linaloifanya. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji; sikio la vina tumerithi. Mtoto anayeweza kusema "kikapu" na "kitapu" vinaishia sawa, hata kama la pili halina maana, tayari ana sikio la msomaji.

Na kuna lahaja. Mtoto wa Mji wa Kale, akisoma "mchele", anaweza kutamka "mtele", na "macho" akayasoma "mato". Hajakosea kusoma. Ameona neno, ameelewa maana, amelitoa kwa ulimi wa nyumbani kwao. Mwalimu akimkata pale na kumwambia ni kosa, anamfundisha kwamba kitabu na nyumbani kwao ni maadui. Amwambie tu: "Nyumbani twasema mtele, kitabuni imeandikwa mchele, tazama hii ch." Tunaomba maafisa wanaopima watoto nao waelekezwe hivyo, maana kuna alama zinazopotea bure hapo.

Watoto wengi wa Mombasa wanasoma pia chuoni, na shule zimelichukulia jambo hili kama habari ya nyumba nyingine. Mtoto aliyefika kwenye kuunganisha herufi na irabu kwa fat-ha, kasra na dhumma ameshafanya kazi ngumu zaidi katika kusoma: amejua kwamba alama huungana zikawa sauti. Anachohitaji shuleni ni alama mpya tu. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, irabu zile ni tatu, a, i na u. E na O ni ngeni kwake kwenye maandishi, na akipata shida ataisoma E kama I na O kama U. Ndiyo sababu mpangilio wetu unaanza na a, i, u, na ndiyo sababu e na o zipewe siku nne nne badala ya mbili. Pili, mkono wake umezoea kuanzia kulia. Mchoreeni nukta ya kijani upande wa kushoto wa kila mstari kwa wiki za mwanzo, ataizoea upesi. Mwalimu wa PP2 na ustadhi wa mtaa wakikaa pamoja mara moja kwa muhula, wakaambiana nani amekwama wapi, mtoto atafaidika pande zote mbili. Tunaiomba kaunti iandae vikao hivyo, kwa adabu na kwa kuwaalika masheikh kama wenzetu katika kazi.

Nyumbani, sasa. Mtoto anayetoka shule akaingia chuoni hurudi magharibi amechoka. Kumpa kurasa tatu za kunakili ni kumchukiza kalamu. Kazi ya nyumbani ya PP2 hadi gredi ya pili iwe kusoma dakika kumi kwa sauti, kati ya magharibi na isha, basi.

Kitabu kisafiri ndani ya mfuko. Fundi cherehani anaweza kushona mifuko kutoka kwenye magunia au vipande vya turubai. Ndani kuwe na mfuko wa nailoni wa kukinga mvua. Mfuko uwe na kijitabu kimoja cha hadithi cha kurasa 8 hadi 16 na daftari dogo lenye safu tatu: tarehe, jina la kitabu, sahihi ya msikilizaji. Msikilizaji si lazima ajue kusoma. Hili tunalisisitiza, kwa sababu wazazi wengi hujitoa wakisema wao hawakusoma. Bibi anayeweka dole gumba kwenye daftari ametia sahihi kamili. Kazi yake ni kukaa kando ya mtoto, kumwachia mtoto ashike kitabu mwenyewe, kuhakikisha kidole kinakwenda chini ya maneno, na mwisho wa ukurasa kuuliza: "Nani huyo? Kafanya nini? Kwa nini?" Ikiwa msikilizaji anajua kusoma na mtoto amekwama, ahesabu moja hadi tano kimyakimya, kisha ampe silabi, asimpe neno zima. Mtoto arudie mstari tangu mwanzo.

Yanayoharibika nyumbani ni matatu. Mzazi anasoma, mtoto anaitikia. Mzazi anafinya au kupiga kila kosa, na mtoto anaficha mfuko chini ya kitanda. La tatu ndilo gumu kuligundua: mtoto amehifadhi kitabu kizima na anakisoma huku akitazama dari. Mwambieni asome mstari wa katikati, au mumfunike picha kwa kiganja.

Katika nyumba isiyo na kitabu hata kimoja, leso (kanga) zipo. Maandishi ya leso ni sentensi fupi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa zinazoonekana kutoka mbali. Yanamfaa mtoto wa gredi ya pili aliyekwisha kujua herufi kubwa. Mama achague leso ya maneno mema. Nyingine zina mafumbo ambayo si ya umri wake. Pakiti ya unga, jina la matatu, bango la feri ya Likoni, yote ni maandishi. Lakini hayachukui nafasi ya hadithi, kwa sababu hayana "kisha ikawaje?"

Vitabu vikiwa haba, vinaweza kutengenezwa. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati hutoa kijitabu cha kurasa 16, na rimu moja ya karatasi 500 hutoa vijitabu 125. Sentensi moja kwa ukurasa, maneno matatu hadi matano, herufi kubwa za kuonekana, picha ya mkono. Watoto wa gredi ya tatu waandike, wa PP2 wasome. Mambo yawe ya hapa: mahamri, mkokoteni, mabuyu, tuktuk iliyokwama kwenye maji, samaki wa kupaka. Na tafadhalini, visishonwe kwa pini za stepla. Hewa yetu ya chumvi huzitia kutu kwa muda mfupi, kutu hula karatasi, na kurasa za katikati huanguka. Toboeni matundu matatu kwenye mkunjo na mshone kwa uzi. Kabati nalo lisiegemezwe ukutani. Liachiwe nafasi ya kiganja nyuma yake hewa ipite, na miguu yake iwekwe juu ya matofali. Masika ya Aprili na Mei yakiingia, kitabu kilichofungiwa kwenye kabati lenye unyevu huota ukungu. Kile kilichokuwa mikononi mwa watoto hupona.

Kuhusu kupima. Hakuna haja ya mtihani mkubwa. Mwalimu ana simu yenye saa. Achague kifungu cha maneno 60 hivi ambacho mtoto hajakiona, ampe, amhesabie dakika moja, aweke alama kwenye nakala yake pale mtoto alipokosea, kisha atoe makosa kwenye jumla. Baadaye amuulize maswali matano. Ikiwa mstari wa kwanza wote umemshinda, amsimamishe kwa upole na arudi kwenye silabi. Hakuna faida ya kumtazama akihangaika. Kipimo cha msomaji mwepesi katika Tusome kilikuwa maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Wengine huona tofauti hiyo na kudhani Kiswahili kinawashinda watoto. Sivyo. Neno la Kiswahili hubeba mengi: "tutamwambia" ni neno moja, na Kiingereza kingehitaji manne kusema hivyo hivyo.

Idadi peke yake haisemi lote. Anayesoma "kiti" pale palipoandikwa "kitabu" anakisia kwa silabi ya kwanza. Mwekeeni kipande cha karatasi kinachofunua silabi moja baada ya moja. Anayeruka mistari anahitaji rula chini ya mstari, au pengine miwani. Anayesoma maneno 50 kwa dakika na hajibu swali hata moja amejua kutamka tu, na dawa yake ni mazungumzo na hadithi nyingi za kusimuliwa, paukwa pakawa zile zile za bibi. Tunawasihi jambo moja kuhusu matokeo haya: yasitumike kuzipanga shule ya kwanza na ya mwisho. Siku yatakapotumika hivyo, watoto watakaririshwa kile kifungu, na sisi wote tutabaki hatujui chochote.

Macho na masikio yapimwe mara moja kwa mwaka, PP2 na gredi ya pili. Chati ya macho hubandikwa mita 6 kutoka alipo mtoto, jicho moja hufunikwa kwanza, kisha la pili. Zahanati ya mtaa inaweza kumfundisha mwalimu kufanya hivyo kwa asubuhi moja. Mtoto anayeuliza "ee?" kila mara, au anayetokwa na usaha sikioni, hawezi kutofautisha "pata" na "bata" hata afundishwe na nani.

Lugha. Mtaala unataka lugha ya mazingira ya shule itumike kufundishia tangu PP1 hadi gredi ya tatu, na hapa mjini lugha hiyo ni Kiswahili. Shule nyingi, hasa za binafsi, huanza kusomesha kwa Kiingereza kwa sababu wazazi ndivyo wanavyodai. Tunawaelewa wazazi, wanawatakia watoto wao kazi nzuri. Lakini mtoto hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Akijua kwa lugha anayoisikia, anahamisha ujuzi huo kwenye lugha nyingine. Akianzishwa kwa lugha asiyoielewa, hatambui hata pale alipokosea, kwa sababu neno sahihi na kosa yote kwake ni kelele. Kiingereza kizungumzwe na kuimbwa tangu PP1, kisomwe kwa dhati Kiswahili kikishasimama. Tunaomba maafisa walieleze hili kwa wazazi kwenye mikutano ya shule, kwa sababu likitoka kwa mwalimu wa darasa huonekana kama kisingizio.

La mwisho ni la walimu wakuu. Gredi ya kwanza isiwe darasa la kumpa mwalimu aliyebaki baada ya wengine kupangwa. Mpeni mwalimu anayejua sauti, mwenye subira, na msimhamishe katikati ya mwaka.

Tungependa waraka ufike kabla shule hazijafunguliwa Januari. Ukifika, wiki ya kwanza tutavifunika vitabu kwa nailoni na kuviandika namba, ya pili tutawaita wazazi na kuwaonyesha jinsi ya kusikiliza, na Ijumaa ya wiki ya tatu mifuko itatoka. Tuko tayari kuleta daftari za kuazima ofisini kwenu kila mwisho wa muhula, pamoja na vitabu vilivyochanika, mvitazame wenyewe.

Wenu katika kazi,

Walimu wa madarasa ya awali na ya chini, Mombasa